Daktari Asiyechoma na mkono wa mdoli

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, foleni ya wagonjwa imeshafika barazani. Yupo sungura asiye na sikio, lori lisilo na magurudumu ya nyuma, na dubu anayemwaga pamba tumboni. Wenye wagonjwa hao, karibu wote, hawajafikisha miaka kumi.

Ndani mna meza moja, taa, makopo ya macho ya plastiki na kigoda kifupi cha mteja. Anayefanya kazi hapa ni mama wa miaka hamsini na nane. Wakubwa humwita Fundi. Watoto humwita Daktari Asiyechoma, ingawa sindano haimtoki mkononi.

"Aliyevunja nani?" anamuuliza msichana mwenye lori.

"Limevunjika lenyewe."

"Lenyewe? Lilikuwa na hasira na nani?"

Msichana anajikuna shingo. "Nilimrushia kaka."

"Aliumia?"

"Kidogo."

"Basi ukitoka hapa, moja kwa moja ukampe pole. Haya, shika hapa nikaze skrubu."

Huo ndio utaratibu wake wa miaka kumi na moja. Aliyevunja aseme mwenyewe, kisha ashike wakati wa kutengeneza. Asiyesema hurudi nyumbani na mgonjwa wake vilevile, hata alie machozi ya damu.

"Mtoto akishaona kazi ya kushona ilivyo," anasema, "kurarua kunamtia uvivu."

Mwandishi wa makala haya, akubali tu, alikuja kutafuta kichekesho cha ukurasa wa mwisho.

Fundi mwenyewe alianza kwa kuvunja. Akiwa na miaka saba alipewa mdoli unaofumba macho ukilazwa. Siku ya pili akaupasua kichwa kwa kisu cha jikoni.

"Nilichapwa! Kila mtu anasema, msichana gani huyu, hana huruma. Jamani, mimi nilikuwa natafuta usingizi unakaa wapi!"

Usingizi ulikuwa kipande cha chuma, kidogo kama punje ya mahindi. Alikirudisha, akashona kichwa, na macho yakafumba tena. Mjomba wake alipoona hivyo akamnunulia bisibisi. Baadaye alishona magodoro kiwandani miaka kumi na tisa, lakini ile bisibisi anayo mpaka leo.

Zamu ya tatu anaingia mlinzi, pande la mtu, bado na sare ya lindo la usiku. Mkononi ana mfuko, na ndani ya mfuko mna mdoli wa kitambaa uliong'oka mkono. Mwanawe wa miaka mitano anasimama mbali naye, karibu na ukuta.

"Siku ya nne leo hasemi na mimi," mlinzi ananong'ona. "Nikikaa mezani, yeye anaondoka. Nisaidie, Fundi."

"Aliyevunja nani?"

"Ulianguka."

Fundi anausogeza mdoli kwenye taa. "Kuanguka hakunyofoi mkono, baba." Anaurudisha mfukoni, taratibu, na kumkabidhi. "Huu siuwezi."

Mlinzi anafika mlangoni. Hapo mtoto anainua macho na kumtazama, na baba anayaona macho hayo. Anageuka.

"Mimi," anasema. "Niliuvunja mimi."

Anarudi na kukaa kwenye kigoda, magoti yakimfika kidevuni. Hakuna mtoto anayecheka.

"Nilimkuta anaubembeleza. Nikasema, mtoto wa kiume gani huyu? Nikauvuta. Si wanasema samaki mkunje angali mbichi?"

"Kumkunja, sawa," anajibu Fundi. "Wewe umemvunja."

Ndipo sauti ndogo inapotoka ukutani. "Alikuwa na homa."

"Nani, mwanangu?" anauliza Fundi.

"Mtoto wangu. Nilikuwa namwekea kitambaa cha maji. Kama baba alivyoniwekea mimi."

Lo! Mlinzi anajifunika uso kwa kofia ya kazi. Kisha anaeleza, kwa shida, kwamba mtoto aliugua wakati mama yake yuko safarini, na yeye alikesha naye siku mbili akimbadilishia kitambaa kichwani. Hakujua kama mtoto aliona.

Fundi anatunga uzi, anamwonyesha mlinzi pa kushika. Mikono ile inayofunga mageti inalishika bega la kitambaa. Mtoto anasogea hatua moja, halafu nyingine, akihesabu mishono kwa sauti. Kwenye wa kumi na nne anauegemeza mgongo wake kwenye goti la baba yake. Mishono inaishia ishirini na miwili, na mwandishi ameihesabu yote naye, kalamu ikiwa imesahaulika mfukoni.

Wanapotoka, mdoli umebebwa na baba, begani, mbele za watu.

Fundi anaulizwa mipango yake ya mwaka huu. Hataki duka kubwa wala mashine mpya. Anakitazama kile kigoda, kimepinda mguu mmoja.

"Nataka kununua kiti kikubwa," anasema. "Wakubwa nao wameanza kuja."