Kivuli Miguuni pa Keza

Admini, naomba ufiche jina langu. Majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, mwalimu mstaafu, Mrundi. Ninaishi Kigoma tangu vita vilipotutoa Bujumbura. Nina mke mmoja na mtoto mmoja wa kiume. Watoto walikuwa wawili.

Tulikaa Kinama, mtaa wa Bujumbura. Nilikuwa na kamera ndogo niliyouziwa na padri aliyekuwa akirudi kwao. Enzi zile mtu alipigwa picha siku ya ubatizo, siku ya harusi, au akihitaji kitambulisho, na alisimama wima kama askari wa gwaride. Mimi niliwapiga wanangu wakila maharage, wakilala midomo wazi, wakigombania ndoo. Rafiki yangu Fideli, aliyekuwa akisafisha picha katika studio moja mjini, alinicheka kila nilipompelekea filimu.

"We mutu, wenzako wananiletea bibi arusi, we unaniletea mutoto anakula maharagi! Kesho utapiga kuku."

"Shemeji, umuache tu," mke wangu alimjibu siku moja. "Kuku yetu haitulie, hataiweza."

Jumapili moja baada ya misa Fideli alitutembelea. Keza, mzaliwa wangu wa kwanza, alikuwa na miaka saba na jino lake lilikuwa limeng'oka asubuhi ile. Alisimama mbele ya Fideli akimwonyesha pengo, jino lenyewe kiganjani. Mdogo wake, Ndayi, wa miaka mitano, alikuwa amejivika beseni kichwani na kumkalia Fideli mapajani. Nikapiga. Picha ilipotoka niliona kosa langu: jua lilikuwa mgongoni mwangu, na kivuli changu kimelala miguuni pao.

"Mwalimu," Fideli akacheka, "mwisho na we umeingia mu picha."

Alisema kweli. Katika picha zangu zote, mimi nimo katika ile peke yake, tena ni kivuli. Nyuma yake niliandika: Keza, Ndayi, na jino.

Kisha vita vikaja, mitaa ikagawanyika kwa kabila. Mliokuwepo mnajua ni nani aliweza kulala wapi, sina haja ya kueleza. Fideli alikaa mtaa wa Mutanga Sud, kulikokuwa na utulivu kidogo. Tulipoamua kukimbia nilimkabidhi kopo la biskuti lenye picha zote na negativu zake. Alilifunga kwa plastiki mbele yangu. "Hii ni kama watoto wenyewe," akasema. "Nitaichunga."

Keza alikufa katika kambi ya wakimbizi kwa kipindupindu. Miezi michache baadaye Fideli alitutumia habari kupitia mchuuzi mmoja: nyumba yake imeporwa, kopo halikuonekana. Mke wangu alilia kama tunamzika mtoto mara ya pili. Mimi niliamini. Nilimwombea hata Fideli, kwa hasara aliyoipata.

Miezi mitatu iliyopita Ndayi, ambaye sasa ni baba wa watu, alinijia na simu mkononi. "Baba, ukae kwanza," akasema. "Kumbe mimi nilikufa."

Binti wa Fideli, aliyezaliwa Ulaya, alikuwa ameweka mtandaoni picha ya baba yake akisherehekea siku yake ya kuzaliwa. Ukutani nyuma yake, ndani ya fremu, ilikuwapo ile picha ya jino. Binti ameandika kwamba hao ni dada na kaka yake, Keza na Ndayi, waliouawa vitani, na kwamba kila mwaka familia huwawashia mshumaa. Tuliikuza. Beseni linaonekana. Kivuli kinaonekana. Uso wa Keza unavunjika vidoti vidoti.

Nilitafuta namba ya Fideli nikampigia. Akauliza, "Mwalimu, kumbe unaishi?"

Alinieleza bila kukana. Alipoomba ukimbizi Ulaya, maofisa walitaka kuona alichopoteza. Hakuwa na mke wala mtoto wakati ule. Alikuwa na kopo langu. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si la baba, kwa hiyo majina niliyoandika kwa mkono wangu hayakumtaja baba yeyote. Na mtu mzima aliyekaa na watoto wale ni yeye.

Nilimwambia kwamba Keza alifia kambini. "Zingine ziko wapi?" nikauliza.

"Nilizichoma. Niliogopa. Imebaki hiyo moja."

Nilimwambia anitumie. Akasema atatuma siku hiyohiyo, kubwa na safi, ila kuna jambo. "Mutoto yangu anaulizaka kivuli ni ya nani. Umutumie sauti. Umuambie ni yako, ulikuwa jirani, ulijua watoto yangu."

"Watoto wako?"

"Mwalimu, Keza haitamuumiza tena. Wangu wanaishi. Ukisema ingine, na hiyo moja nitaichoma."

Mtu huyo amekula ugali nyumbani kwangu, akapewa pande la samaki lililokuwa langu.

Ndayi anataka aandike chini ya ile picha, "Marehemu ni mimi, hamjambo?" Nimemzuia. Mke wangu hajui lolote. Mpaka leo anaitwa Mama Keza na majirani wasiojua Keza ni nani. Macho yake yanazimika, na daktari ametuambia tusitegemee muda mrefu. Jana, akichambua mchele kwa vidole, aliniuliza, "Baba Keza, lile pengo lilikuwa upande gani?"

Nilimjibu, "Kushoto." Sikumbuki.

Sauti anayoitaka Fideli ni ya dakika moja. Nikiituma, mke wangu atauona uso wa mtoto wake kabla ya giza, na mtoto huyo atakuwa amekanwa kwa kinywa cha baba yake. Ninyi mliozaa na mliozika, nisaidieni kuamua: niitume?