Fungu la Baba Nyuma ya Xintang

Kilichonitoa Mombasa safari ile hakikuwa biashara ya jinzi peke yake. Baba yangu amezeeka akiitwa Mchina mtaani kwa macho aliyorithi kwa babu, mpishi aliyekuja kwa meli, akasilimu, akaoa, akafa bila kusema kwao ni wapi. Baba alitaka kujua jambo moja kabla hajafumba macho: kama kuna watu popote duniani wanaomhesabu kuwa wao. Binamu yangu alichakura hifadhi ya nyaraka mpaka akapata nakala ya orodha ya abiria waliotoka Hong Kong. Pembeni ya jina la babu palikuwa na maandishi ya Kichina, mkono wake mwenyewe.

Guangzhou, kusini mwa China, niliingia asubuhi, mvua inanyesha. Katika mkahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu nilikutana na Neema, msichana wa Mwanza anayesomea udaktari, ambaye hunitafsiria ninaponunua mali. Nilimpa karatasi hata chai haijaja.

"Dada, hili ni jina la kijiji," alisema. "Kijiji chenyewe kipo hapo nyuma ya Xintang."

"Xintang ya jinzi?"

"Hiyohiyo unayokwenda kila mwaka."

Nilicheka mpaka mwenye mkahawa akaja kuuliza kulikoni. Miaka yote hiyo nimekuwa nikipakia makontena mlangoni kwa babu.

Kesho yake tulipanda basi. Tulivipita viwanda na mitaro yake ya maji ya buluu, tukafika kijijini siku yao ya kuzuru makaburi. Ukumbi wa ukoo wa Chan, jina lilelile la babu, ulijaa watu. Mzee mmoja aliisoma karatasi yetu, akairudia, kisha akanishika mkono. Baba yake alikuwa na ndugu aliyekwenda Afrika asirudi. Kila mwaka siku hiyo walimkatia fungu lake la nyama, na kila mwaka halikuwa na wa kulipokea.

Basi wakanikatia mimi. Nguruwe wa kuchoma, ngozi inang'aa. Nilirudisha mikono nyuma kama mtu aliyeonyeshwa nyoka, nikasema hapana, asante. Mzee akalishusha fungu, watu wakageuka kunitazama.

"Dada, umeharibu," Neema alininong'oneza. "Hapa anayepewa fungu ndiye wa ukoo. Ukilikataa, umewakataa wao."

Niliogopa kwelikweli. Nimevuka bahari kumtafutia baba watu, nao nimewatupa kwa neno moja. Nikampigia simu Mombasa, nikamweleza.

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hilo ni fungu langu. Lipokee. Nani alokwambia ulile?"

"Sasa nilifanye nini?"

"Mpe huyo mzee ale kwa niaba yangu. Kwani si ndugu yangu?"

Nililipokea kwa mikono miwili, likiwa limefungwa vizuri, nikamkabidhi mzee. Neema alipomtafsiria maneno ya baba, mzee alikaa palepale mbele ya vibao vyenye majina ya mababu akala taratibu, machozi na mafuta vikichuruzika kidevuni pamoja. Mimi nilipewa machungwa. Neema, Mkristo asiye na kizuizi, alikula kwa niaba ya Mwanza nzima.

Niliporudi nyumbani, baba hakuuliza habari za jinzi.

"Alilimaliza?"

"Alilimaliza, baba."

Akageukia ukutani, nami nikamwacha alie. Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kupokewa na watu wake bila kuacha lolote la kwake, mradi asiwe mwepesi wa kusema hapana.

Siku hizi msimu wa kuzuru makaburi ukikaribia, baba ndiye wa kwanza kuulizia tiketi yangu. "Wahi," husema. "Ndugu yangu hawezi kula kabla hujanipokelea."