Hilary Atia Sahihi

Mume wa Hilary Pinnock alifariki Ijumaa. Jumatatu Hilary alikuwa kazini kama kawaida, koti limetundikwa, penseli imechongwa. Hakumwambia mtu. Alichotaka kilikuwa kidogo tu: ruhusa ya Alhamisi, siku ya mazishi. Lakini kuiomba kulimaanisha kutamka sentensi yenyewe, na kila alipoijaribu kimoyomoyo ilimkwama kama tonge kavu.

Kazi yake ilikuwa kuandika kamusi. Katika nyumba ya mawe pale Otley, aliwaeleza Waingereza maana ya maneno yao wenyewe. Siku hiyo alikuwa na neno *glaring*, kivumishi cha jambo lililo wazi mno.

"'Lililo dhahiri,'" Norman wa meza ya jirani alisoma, akichungulia juu ya bega lake. "Mbona basi hatulitumii kwa jibu sahihi? Au kwa uzuri wa mtu?"

"Kwa sababu ni la makosa," Beryl wa meza ya mbele akadakia, mdomo umejaa biskuti. "Kosa, pengo, dhuluma. Msifie mkeo kwa neno hilo uone kama utalala ndani."

"Mke wangu mwenyewe halali ndani. Yuko kwa dada yake."

Wakacheka. Hilary naye akacheka, akakisikia kicheko chake kwa mbali, kama redio ya jirani. Akaandika: *jambo, hasa baya, lililo wazi hata hakuna awezaye kusema hakuliona*. Akaitazama sentensi. Ilikuwa sawa. Hakuhisi chochote.

Norman, ambaye hajawahi kuosha kikombe ofisini humo, akamletea chai. Kisha Beryl akaleta nyingine, yenye sukari, ingawa Hilary hatumii sukari.

"Kunywa, mpenzi."

"Kwani leo kuna nini?"

"Baridi tu."

Vikombe vikapoa mbele yake. Akaenda mlangoni kwa Bwana Ackroyd, mkuu wao.

"Ndiyo, Hilary?"

"Nilitaka kuuliza... Lile dirisha halifungiki."

"Nitamwita fundi," akajibu haraka haraka, akiangalia viatu vyake.

Ofisi hiyo ilikuwa na desturi yake. Mtu akipata mtoto au msiba, kadi hutiwa ndani ya jalada la kahawia na kupita meza hadi meza, kila mmoja akitia sahihi, ila mhusika mwenyewe: yeye hurukwa kwa makusudi, asijue. Baada ya chakula cha mchana Norman alimaliza kuandika, akalipitisha jalada kushoto bila kuinua macho, kama alivyopitisha majalada yote maishani mwake.

Kushoto alikuwepo Hilary.

Alilifungua. Kadi ilikuwa na maua meupe. Hakusoma jina lililoandikwa juu. Mkono wake uliijua kazi hiyo. Akatafuta nafasi chini ya sahihi ya Beryl, akaandika, *Pole sana. Hilary P.*, akaliacha jalada mezani kwa Bwana Ackroyd pamoja na karatasi nyingine.

Jioni wote watatu wakasimama mezani pake. Bwana Ackroyd akampa bahasha. Hilary akaifungua, akasoma polepole mpaka mwisho.

"Hapa nimejipa pole mwenyewe," akasema.

Norman akawa mwekundu mpaka masikioni. "Mungu wangu. Ni mimi. Nilipitisha kushoto."

"Mlijua?"

"Tangu Jumamosi," Beryl akasema. "Dada yangu anakaa mtaa wenu. Aliliona gari la maiti."

"Na hamkusema."

"Nawe hukusema, mpenzi."

Hilary akaisimamisha kadi kando ya vikombe. "Clive anazikwa Alhamisi," akasema. Sentensi ilitoka kama sentensi nyingine yoyote. Hakuna kilichoanguka.

"Saa ngapi?" Bwana Ackroyd akauliza.

"Asubuhi. Saa tano."

"Basi Alhamisi tunafunga ofisi. Tutakuja."

Akaitikia kwa kichwa. Muda wa kutoka ulikuwa haujafika, na neno lake la kamusi bado halikuwa na sentensi ya mfano, kwa hiyo akachukua penseli. Norman alisimama pale kitambo, hajui pa kuweka mikono. Kisha akavikusanya vikombe vya chai baridi, akaenda kuviosha.