Kokoto za Mama kutoka Kendu Bay

Macho ya mama yalipozidi kufifia, nilimtoa Kendu Bay nikamleta kwangu, nje kidogo ya mji wa Migori. Alikuwa ameuza omena, dagaa wa ziwani, tangu ujana wake, kwanza kisiwani Remba, kisha kwenye ufuo ulio chini ya nyumba yake. Hakuwahi kuishi mahali ambapo ziwa halisikiki. Kwetu Wajaluo mama halali katika nyumba ya mwanawe, kwa hiyo nilimjengea chumba chake cha mabati upande wa pili wa ua, mlango wake ukitazamana na wetu. Siku ya kuhama aliniomba jambo moja tu: nimpakilie kwenye pikapu magunia ya kokoto za pale ufuoni. Nilipakia, tukaondoka.

Miezi ya kwanza alikula kidogo na kuongea kidogo zaidi. Mke wangu ni Mkuria, kwa hiyo nyumbani kwetu lugha ni Kiswahili, na mama alikuwa na Kiswahili chake cha sokoni. Jioni moja mke wangu alimuuliza anakosa nini.

"Sauti ya maji," mama akasema. "Hapa ni kimya sana. Mpaka nasikia moyo yangu ikigonga."

Nilijenga bustani ya maji kwa sababu ya maneno hayo. Chini niliweka tangi la samaki, ngege wa ziwani, na juu yake vitanda vya mboga vya mbao vilivyotandikwa turubai na kujazwa kokoto. Pampu ndogo ya sola huvuta maji ya samaki, pamoja na uchafu wao, hadi kwenye vitanda. Mboga hujilisha kwa uchafu ule, kisha maji hurudi tangini yakimwagika. Kokoto nilizonunua zilijaza kitanda kimoja tu. Mama, aliyekuwa ameketi mlangoni pake, alinisikia nikilalamika.

"Chukua zangu, baba," akasema. Huniita baba kwa kuwa nilipewa jina la baba yake.

Alizisuuza mwenyewe kwenye karai, akizipitisha vidoleni kama anayechambua mchele. Tukapanda sukuma wiki na managu, yaani mnavu. Tangu siku maji yalipoanza kumwagika, mama alihamishia kiti chake kando ya tangi, na kazi ya kulisha samaki ikawa yake. Alianza kumaliza sahani yake. Alianza hata kuzozana na mke wangu kuhusu namna ya kusonga ugali, na mke wangu akaniambia jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba alikuwa hajafurahia ugomvi hivyo maishani.

Kisha mboga zikaugua. Majani machanga yalichipuka yakiwa ya manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani, kana kwamba imechorwa kwa kalamu nyembamba. Niliwaza ni njaa, nikamwambia mama aongeze chakula cha samaki ili uchafu nao uongezeke. Maji yakawa mazito, yakaanza kunuka. Asubuhi moja mama aliniita kabla sijanywa chai.

"Hawa samaki wako juu wanakunywa hewa. Sikiza."

Nilisikia midomo yao ikipasuapasua uso wa maji. Tulipunguza maji, tukamimina mapya, tukapunguza chakula. Samaki walitulia, mboga hazikupona. Nilichomoa mche mmoja nikaangalia mizizi. Ilikuwa myeupe na imara, haikuwa imeoza. Niliupeleka ule mche kwenye agroveti, duka la pembejeo za kilimo, mjini. Muuzaji aligeuza jani na kusema kwamba manjano yakianzia kwenye majani machanga, mara nyingi mmea umekosa madini ya chuma. Alinipa unga wake, wa aina isiyodhuru samaki. Niliukoroga, maji yakawa mekundu kama chai ya rangi, na mboga zikapata kijani kwa muda mfupi. Halafu zikarudia manjano yao.

Mama alikuwa akiyashika majani kila siku. "Imekuwa nyepesi," alikuwa akisema. "Haina nguvu kwa kidole." Kila aliposema hivyo nilijihisi mdogo. Bustani ile haikuwa ya mboga tu, na sote watatu tulilijua hilo.

Nilirudi agroveti nikanunua karatasi za kupimia maji. Zilionyesha kwamba maji yalikuwa na chokaa nyingi, na kwenye maji ya namna hiyo, mwenye duka akanieleza, mmea hauwezi kuchukua chuma hata kikiwepo tele. Niliongeza maji ya mvua. Kipimo kilishuka, na baada ya siku chache kikapanda tena. Kulikuwa na kitu mle ndani kilichokuwa kikitoa chokaa bila kukoma.

Jumapili, mama akiwa kanisani na jirani, nilichota kokoto kidogo kutoka kila kitanda, nikaziweka kwenye vikombe na kuzimwagia siki, ambayo hutoa povu ikigusa chokaa. Zile za kununua zilikaa kimya. Za mama zilitoa povu. Nilizisogeza juani nikaziangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Karibu nusu yake yalikuwa magamba ya konokono wa ziwani na vipande vya kome, vilivyolainishwa na mawimbi.

Mke wangu alinikuta nimekaa chini na vikombe vyangu.

"Tuzitoe sasa hivi kabla hajarudi," nikamwambia. "Tuweke nyingine. Hataona."

"Hataona, lakini atashika," akajibu. "Na atajua tulimficha. Mama si mtoto. Mwambie."

Mama aliporudi nilimpa maji ya kunywa, nikamkalisha chumbani kwake, nikamimina siki kwenye kikombe chenye kokoto na kukisogeza karibu na sikio lake.

"Hiyo ni nini inalia?"

"Ni kokoto za Kendu Bay, mama. Zina magamba. Magamba ni chokaa, na chokaa ndiyo inazuia mboga kula."

Vidole vyake viliingia ndani ya kikombe, vikatoa gamba moja na kulizungusha.

"Kwa hivyo ni mimi."

"Ni mawe, mama."

"Mawe yangu." Alilirudisha gamba taratibu. "Na umeteseka na hii mboga hivi yote."

Mke wangu alipiga magoti mbele yake na kumshika mikono yote miwili, ikiwa bado na siki. Akamuuliza swali ambalo mimi sikuwahi kuliuliza tangu siku ya pikapu: alizibeba kokoto zile za nini?

"Nilitaka kuweka hapo kwa mlango yangu," mama akasema. "Macho ikiisha kabisa, miguu ijue nimefika kwangu. Hiyo sauti yake, ukikanyaga, naijua. Lakini nikasikia kijana yangu amekosa mawe."

Nilitoka nje. Nilisimama kando ya tangi kwa muda, nikijifanya ninaangalia pampu.

Tulianza kazi siku iliyofuata. Tuliwaondolea samaki usumbufu kwa kutoa kitanda kimoja kwanza na kingine baadaye, na mboga zilizobaki hai tukazihifadhi kwenye ndoo. Mama alikataa kukaa pembeni. Alipokea kila karai na kuzikung'uta kokoto zake, akizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia. Ndipo aliponisimulia nilivyoanza kutembea.

"Ni kwa hii mawe. Nilikuweka chini nigeuze omena ikauke, jua ilikuwa kali, ikakuchoma. Ulikimbia kabla ujue kutembea. Wamama wote wakacheka, wewe unalia unakimbia."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka karai chini.

Kwa wanawake wanaoponda mawe kando ya barabara tulipata kokoto nyingine, na kabla ya kuzileta nilizijaribu kwa siki pale pale, wakinitazama kama mwendawazimu. Zilikaa kimya. Za mama tulizimwaga kuanzia mlango wake hadi kwenye kiti chake kando ya tangi. Jioni hiyo alivua viatu na kuzipita kwenda na kurudi, bila fimbo, bila kushikwa.

Mboga za zamani hazikubadilika. Jani likishakuwa manjano namna ile hubaki hivyo. Tulisubiri machipukizi. Yalipotoka, yalikuwa kijani hadi kingoni, na mama aliyabonyeza kwa kidole gumba akaguna tu.

Sasa kuna vidukari chini ya majani ya sukuma. Dawa ya kunyunyizia hatuwezi kutumia, itaua samaki, kwa hiyo tunawaosha kwa maji na kuwafuta kwa mikono. Mama huwapata haraka kuliko sisi. Juzi alimaliza safu nzima akiwa anaimba wimbo wa kanisani, kisha akamwuliza mke wangu kama managu ya siku hiyo yatapikwa na maziwa au yataharibiwa tena na nyanya.