Beti ya Tatu ya Sabra

Kabla hajanywa chai, Sabra hukaa kizingitini akafunga taitai, vile vikamba vidogo vya kushikia mwani. Midomo inamcheza. Fundo moja, neno moja. Neno likikataa kukaa, hulifungua fundo akaanza upya. Mama yake, Mwanahalima, humpitia na ndoo: "We mtoto, huo mwani au uganga?"

Hivyo ndivyo alivyoitunga beti ya tatu ya "Fungueni Njia", wimbo uliobeba jina la albamu nzima ya kundi lao, Bamvua. Wanaochana mistari ni yeye na Ukasha. Biti, ule mdundo, hutengenezwa na Hadi, kwenye chumba cha nyuma cha duka la baba yake, Kilindoni. Beti mbili za kwanza ni za Ukasha, anataka njia ya ajira, njia ya haki. Tamu, lakini hazimwashi mtu. Ya Sabra inataja njia yetu, hapa Juani:

*Njia hii alipita bibi, kiroba kichwani,*
*leo nakuta seng'enge na mbwa, nikienda kwenye mwani.*
*Nani kamuuzia mgeni mlango wetu wa pwani?*

Maana hoteli imeizungushia seng'enge njia ya kushukia baharini. Wanawake wanazunguka kwenye mikoko, na wakifika maji yameshaanza kujaa, mwani unawaozea kambani. Wamelalamika mpaka basi. Wanajibiwa, "Tunalifanyia kazi." Kazi gani? Seng'enge haitaki semina, inataka koleo!

Siku ya uzinduzi wa albamu wanawake hao, nami nikiwa pamoja nao, wakavuka kwa mashua hadi Utende, wakabanana kwenye gari mpaka Kilindoni, wakatandika kanga mbele ya jukwaa. Sabra alikuwa amewaahidi: leo beti yenu itasemwa hadharani, wakubwa wakiwa wamekaa wanasikia. Na kweli wakubwa walikaa, kwenye viti vyenye vitambaa. Meneja wa hoteli alikuwa katikati. Spika zilikuwa zake.

Wimbo ukaanza. Beti ya kwanza, kiitikio, beti ya pili, kiitikio. Sabra akasogea mbele, akavuta pumzi, akafungua kinywa. Biti ikairuka beti yake. Kiitikio tena!

"Fungueni njia! Fungueni njia!" Ukasha anaimba, watu wanaruka. Na meneja naye kasimama, mkono juu, anaimba fungueni njia kwa raha zake, yeye aliyeifunga. Wakubwa wakampigia makofi. Nilitamani jukwaa lile lidondoke.

Sabra akamgeukia Ukasha, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni, uwanja mzima ukasikia: "Beti yangu iko wapi?"

Ukasha akacheka. "Jamani, dada yetu kapandwa na mzuka leo!"

Watu wakacheka. Mwanahalima hakucheka. Akapiga kelele kutoka chini: "Mjibu mwenzio, Ukasha! Unachekacheka nini?"

Ukasha akaziba kipaza sauti kwa kiganja, lakini sisi wa mbele tulimsikia. "Watu wa hoteli walisema tukiikata beti hiyo, spika tunapata. Beti moja tu, dada. Albamu nzima imebaki."

"Na wewe Hadi, ulijua?"

Hadi akainamia kompyuta yake. "Niliambiwa mmekubaliana."

"Nani na nani?"

Biti inaendelea kudunda, meneja anaendelea kucheza.

"Haya," akasema Sabra. "Mwambieni basi ni njia gani mnayotaka afungue."

Akakiweka kipaza sauti juu ya spika, kikatoa mlio mkali mpaka wakubwa wakaziba masikio. Akashuka ngazi. Akapita mbele ya vile viti vyenye vitambaa, hakumwamkia mtu, akakata kona ya ukuta wa uwanja.

Mshereheshaji akadakia haraka: "Dada yetu anakwenda kunywa maji, ndugu wananchi, anarudi sasa hivi!"

Tukangoja. Ukasha akaimba nyimbo zilizobaki peke yake, huku akitazama ngazi. Sabra hakurudi siku ile, na kwenye kundi la Bamvua hajarudi mpaka leo.