Kichwa Nilichokipeleka Goba

Niliondoka Chamazi kwenda kutibiwa Goba kwa sababu mkono wangu wa kulia ulikuwa umeanza kukataa kazi. Kichwa kilikuwa kimeniuma mwaka mzima, kinaanzia kisogoni na kuja kukaa nyuma ya jicho, hicho nilishakizoea. Lakini ule moto wa kushuka kutoka shingoni hadi kidole cha mwisho ulinikuta nikiwa mgeni katika kazi niliyoisubiri tangu nihitimu, kazi ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa. Hospitali walinipiga picha, wakasema hakuna kilichovunjika, wakanipa dawa. Sikumwambia mtu kazini. Nikajiwekea sharti: nikitoka Goba vilevile nilivyokwenda, Jumatatu naacha kazi kabla hawajaniachisha.

Asubuhi ya Jumamosi bajaji ilinichukua nyumbani. Nilikuwa nimesoma kwenye simu habari zote za kairopraktiki, tiba ya kunyoosha uti wa mgongo na viungo kwa mikono. Habari nzuri nilizisoma mara moja, mbaya mara mbili. Kufika Mbagala nilishajiona nimepooza. Kufika Buza nilikuwa nawaza nani atakuwa ananivalisha viatu.

Kipawa nilimpitia mama mdogo Somoe, mdogo wa marehemu mama yangu, ambaye hushona mapazia nyumbani kwake. Mtaa ule ndiko tulikoishi mpaka nilipomaliza darasa la saba. Ndege bado zinapita chinichini, na watu bado wanakatisha sentensi ndege ikipita, kisha wanaimalizia bila kupoteza neno. Utotoni niliamini dunia nzima inazungumza hivyo.

"Mbona umenuna kama unapelekwa kukatwa mguu?" akaniuliza mama mdogo.

"Ma'mdogo, wanashika shingo."

"Sasa kichwa ndo kinauma, washike kisigino?"

Tukakodi gari. Baada ya Ubungo tulishika njia ya Makongo, tukapita karibu na bweni nililokaa nikisoma chuo. Nililitazama mpaka likapotea. Siku zile kichwa kiliniuma wakati wa mitihani tu, nikadhani hayo ndiyo maisha magumu.

Goba ni vilima juu ya vilima, nyumba mpya zimekaa kwenye miteremko kama zinaogopa kuteleza. Tabibu alikuwa Dokta Batuli, mama wa makamo mwenye asili ya Kihindi, mzaliwa wa Temeke, na Kiswahili chake kilikuwa cha Temeke kuliko changu.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba. Mgonjwa nani, wewe au huyu anayecheka?"

"Mie nimekuja kushuhudia," mama mdogo akajibu.

Dokta alizitazama picha zangu, akanigonga viwiko kwa kinyundo cha mpira, akaniambia nisukume kiganja chake kwa nguvu.

"Nguvu unazo. Zingekuwa zimepungua, ningekurudisha hospitali leo leo. Ninavyoona, misuli imekaza ikaubana mshipa wa fahamu. Lakini sikuahidi miujiza."

Nililala chali. Akakaa nyuma yangu, akakipakata kichwa changu kwa viganja.

"Legeza shingo."

"Nimelegeza."

"Legeza, mwanangu."

"Nimelegeza, dokta."

Mara mama mdogo akaangua kicheko. Nikafumbua macho. Dokta Batuli alikuwa ameinua mikono yote miwili kama mtu aliyekamatwa na polisi, na kichwa changu bado kilikuwa kinaelea hewani, hakijagusa kitanda.

"Sasa hicho kichwa kakishika nani?" akauliza.

Alijaribu tena, na tena. Mwishoni akavuta pumzi. "Kwa shingo hii nikilazimisha nitakuumiza. Bora urudi siku nyingine."

Nikaiona Jumatatu inakuja. Machozi yakanitoka kuelekea masikioni, na mama mdogo akaacha kucheka.

"Dokta, una mkeka?"

"Upo. Wa nini?"

"Huyu hajazoea kushikwa kichwa kitandani. Dada yangu alikuwa anamsuka kibarazani, kamweka katikati ya magoti."

Ilikuwa kweli. Tangu mama afariki, mwaka mmoja uliopita, nilikuwa nimekata nywele. Kabla ya kuzikata nilikwenda saluni mara moja, nikatoka nimesukwa nusu.

Mama mdogo akakaa kwenye kigoda, mie mkekani, shavu langu likalala juu ya paja lake kama zamani mama alipoanza mstari wa nyuma ya sikio. Dokta akapiga magoti nyuma yangu na kuanza kazi kwenye bega. Kisha wale wawili wakafanya walichofanya watu wazima wote wakati nasukwa: wakasahau kwamba nasikia.

"Dokta, pale Kipawa kulikuwa na bwana ana wake wawili, nyumba zinatazamana."

"Mtaa mmoja? Alikuwa analala wapi?"

"Kwa mama yake!"

Dokta alicheka mpaka mikono ikatetemeka mgongoni kwangu. "Mie bibi yangu alikuwa ananipaka mafuta kichwani huku anasema watu. Siri za ukoo mzima nilizijulia hapo."

Kisa cha yule bwana nilikisikia kwa mama nikiwa na miaka tisa, katika mkao uleule. Nikawa nasubiri sehemu ya mkwe na sufuria, na katika kusubiri sijui shingo ililegea saa ngapi. Kitu kikalia *ko* katikati ya mabega.

"Tulia, ni mgongo wa juu tu. Shingo sijaigeuza," dokta akasema.

Niliposimama, jicho lilikuwa jepesi na moto umeacha vidole, unaishia kiwikoni. Haukuisha. Dokta alinifundisha mazoezi, akanikataza kukaa muda mrefu bila kuinuka, akasema nirudi.

Alasiri tulirudi Kipawa. Nilitaka kuaga, lakini mama mdogo alivua mtandio, akaketi chini mbele ya kiti changu.

"Haya, na mie."

"Ma'mdogo, sijui kusuka!"

"Hata mama yako alianza hajui. Alijifunzia kichwani kwangu. Tangu afe nafunga mtandio tu."

Mwaka mzima nilikuwa nimeuhesabu msiba ule kama wangu peke yangu. Sikuwa nimewaza kwamba kabla ya kichwa changu, mikono ile ya mama ilishika chake. Nikachukua kitana, nikaanza twende kilioni, mtindo mwepesi kuliko yote, na mstari wa kwanza ukapinda kama njia ya Goba.

"Jumatatu unakwenda kazini?"

"Nakwenda."

"Na mkono ukiwaka?"

"Nitawaambia unawaka."

Kufika mstari wa tatu moto ukaanza kushuka. Zamani ningekaza meno nikaendelea.

"Ma'mdogo, mkono."

"Basi pumzika," akasema, akaliegemea goti langu na kufumba macho. "Kichwa changu hakiendi popote."