Mkanda wa Tatu wa Katekista

Katekista Ildefonce alipokata mkanda wa tatu, ule unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, alikuja gereji kwangu kuilaumu pikipiki yake ya magurudumu manne. Nilikuwa nimechoka kubishana naye. Nikapanda nyuma yake, tukaanza kuupanda mlima wa Kirushya.

Kila mzee tuliyemkuta njiani, Ildefonce alipunguza mwendo, akatoa shikamoo, akauliza habari za maharage, za ng'ombe na za mgonjwa. Gia ilibaki ileile kubwa. Mkanda ukateleza, ukapata moto, ukaanza kunuka.

"Ukienda polepole, weka gia ndogo," nikamwambia. "Unauunguza kwa salamu."

Alinisikia. Mkanda wa nne una miezi saba. Ila sasa anasalimia mpaka watoto, ibada ya saa mbili inaanza saa nne, na waumini wananilaumu mimi.